Je, sisi weusi ni uzao wa laana?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Binti yangu wa miaka 7 alirudi kutoka shule ya Jumapili akaniuliza, "Mama, kwa nini Mungu alitulaani sisi weusi?" Wamefundishwa kwamba Nuhu alimlaani Hamu, na Hamu ndiye baba wa watu weusi. Kwenye kikundi chetu cha maombi pia kuna mtumishi anayefundisha hivyo. Anasema umaskini wa Afrika umetoka kwenye laana hiyo, na kila familia itoe sadaka ya shilingi 80,000 ili ifunguliwe. Mimi nimeshaahidi. Naona aibu kukuambia, lakini natumia mkorogo wa kujichubua ngozi, na juzi nimemkuta mtoto anajipaka. Je, ni kweli tumelaaniwa? Na ahadi yangu nifanyeje?

JIBU: Amina, mama. Swali la binti yako limeninyima usingizi. Nimeshawasikia watu wazima wakisema kwenye daladala kwamba ngozi nyeusi ina laana, nikadhani ni maneno ya uchovu tu. Sasa naona yamefika kwa watoto wa miaka 7, tena ndani ya nyumba ya Bwana.

Hapana, hamjalaaniwa. Fungua Mwanzo 9 usome mwenyewe, usisomewe. Mstari wa 1 unasema Mungu alimbariki Nuhu na wanawe, na Hamu alikuwamo. Nuhu alipolevuka na kujua alilotendewa, alisema, "Na alaaniwe Kanaani." Hakumtaja Hamu, wala Kushi, na katika sura nzima hakuna neno hata moja juu ya rangi ya ngozi. Sura ya 10 inawataja wana wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi ndio watu weusi wa kusini mwa Misri. Kanaani ni watu wa Sidoni mpaka Gaza, wale Israeli waliowakuta katika nchi ya ahadi. Basi anayehubiri kwamba Mwafrika amelaaniwa katika Hamu ameliondoa jina lililoandikwa na kuweka lingine. Huko ni kuongeza katika Neno la Mungu, na sitatafuta jina la upole zaidi.

Tena iangalie Biblia inavyowaheshimu Wakushi. Musa alioa mwanamke Mkushi, na dada yake Miriamu akamnenea vibaya kwa ajili hiyo. Hasira ya Bwana ilimwakia nani? Miriamu ndiye aliyepigwa ukoma, akawa mweupe kama theluji. Nabii Yeremia alitupwa shimoni azame matopeni, na waliomtupa ni wakuu wa Yuda wenyewe. Ebedmeleki Mkushi ndiye aliyemwendea mfalme na kumtoa kwa kamba. Towashi wa Kushi alibatizwa njiani katika Matendo 8, kabla Petro hajaingia nyumbani kwa Kornelio Mrumi. Mtumishi wenu anazisoma sura hizi?

Fundisho hili limetoka wapi, basi? Wenye watumwa walilipenda karne nyingi, kwa sababu liliwatuliza dhamiri. Na limepita hapa hapa kwetu. Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza, akaliona ziwa letu na kulipa jina la malkia wake. Mwaka 1863 alichapisha kitabu, na humo aliandika kwamba mtu mweusi ni mwana wa Hamu aliyelaaniwa na baba yake awe mtumwa. Alipozikuta falme za Buganda na Karagwe zina utaratibu mzuri, hakukubali kwamba weusi wanaweza kujitawala hivyo. Akasema watawala wale ni kabila bora lililotoka Uhabeshi. Wazungu waliomfuata wakawaita watawala hao Wahamu. Unaona, mama? Jana Hamu alikuwa mweusi aliyelaaniwa, leo Hamu ni bwana karibu na mzungu. Jina lilikuwa lile lile. Likahamishwa kila palipotakiwa mtu awe juu na mwingine awe chini. Wakoloni na shule za misheni wakalipanda Rwanda na Burundi, Mtutsi akaambiwa ni mgeni bora, Mhutu akaambiwa ni wa chini. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, mto Kagera ulileta maiti mpaka ziwani, na watu wa mwambao wakaogopa kula samaki. Anayefundisha habari ya Hamu kwa watoto wa Kirumba akumbuke maji yale.

Kuhusu umaskini nitasema kwa ufupi. Uliletwa na sheria na matendo ya watu. Wakati wa Mwingereza, shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Baraza la kutunga sheria la Tanganyika lilianza 1926, na Mwafrika hakuingia humo mpaka 1945. Wazee wetu wa Usukuma walipopunjwa kwenye mizani ya pamba hawakutoa sadaka ya kufunguliwa. Wakiongozwa na kina Paul Bomani waliunda vyama vyao vya ushirika, na 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation. Walimwomba Mungu, na pamba yao wakaisimamia.

Sasa mtoto. Hapa nakuomba unisikilize kama binti yangu. Marekani, miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mke na mume, nao weusi, waliwapa watoto weusi wadogo wanasesere weupe na weusi. Wengi walisema mweupe ndiye mzuri, na mweusi ndiye mbaya. Hawakuzaliwa na mawazo hayo. Waliyaokota mezani, mtaani, shuleni. Binti yako ameyaokota darasani kwenu, na kwenye maneno yetu ya "cheupe dawa", na kwenye kikopo chako. Sisemi ili nikuumize. Najua mnavyochekwa, najua jua la Mwaloni. Bibi arusi wa Wimbo Ulio Bora naye aliunguzwa na jua akifanya kazi, na akajiita mweusi na mzuri katika pumzi moja. Mkorogo acha, hata kwa ajili ya figo zako, maana mingine ina zebaki. Nenda hospitali wakuangalie ngozi. Kisha mwambie mtoto ukweli: "Mama alikosea, alidanganywa kama wewe." Mtoto hupona haraka akimwona mama yake anatubu. Na akianza kusikia uzuri wake, usimfundishe kumdharau Mhindi wa mtaa wa Makoroboi wala Mrundi, maana hao nao wametoka katika damu moja, Matendo 17:26.

Nenda pia kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, kwa upole, na Biblia mkononi. Huenda naye alifundishwa hivyo akiwa mdogo. Akikataa, mpeleke kwa mzee wa kanisa; naye akikataa, niiteni.

Na ile 80,000: hukumwekea Bwana nadhiri, uliahidi kulipia uongo. Haikufungi. Mwambie mtumishi huyo kwamba Kristo alikwisha kutukomboa, Wagalatia 3:13, kisha fedha hiyo inunue sare ya binti yako na viatu vya shule.