Mwalimu mpya wa ufundi, usiisubiri AFCON ifike

Mwalimu mwenzangu uliyeanza kazi karibuni, AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na utaambiwa uitumie kuwavuta vijana kwenye ufundi stadi. Mimi nilijaribu Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Haya ndiyo niliyojifunza.

Tulichelewa. Tulitangaza kozi mashindano yakiwa yameshaanza, wakati kijana anayeanza umeme leo anahitaji miezi mingi ya karakana kabla ya kuaminiwa na nyaya za uwanja. Ule uwanja wa AFCON wa Arusha, wa watazamaji 30,000, ulihitaji mafundi wa nondo, zege na mabomba kabla hata ya nyasi. Waingereza waliliona hilo: Oktoba 2011, miezi kadhaa kabla ya Olimpiki, London ilipokea WorldSkills, mashindano ya dunia ya vijana wa ufundi.

Kisha tukakosea mahali. Tuliweka meza na bango getini kwa chuo, na siku Taifa Stars ilipocheza na Burkina Faso hakuja hata mmoja. Vijana walikuwa kibanda umiza, wakitazama mpira! Mechi iliyofuata tukamwomba mwenye kibanda atupe zile dakika 15 za mapumziko. Hatukuhutubia. Binti wetu wa mwaka wa pili, fani ya umeme, alifunga mbele yao taa moja ya swichi mbili, kama ile ya kwenye ngazi, ikawaka. Akauliza: "Taa za kwa Mkapa zikizimika sasa hivi, nani hapa anajua pa kuanzia?" Kibanda kizima kikanyamaza. Halafu maswali yakamiminika: ada shilingi ngapi, kuna masomo ya jioni, nisiye na cheti cha kidato cha nne je?

Hao wa swali la mwisho washike sana. Wengi tayari ni mafundi wa mtaani. VETA, mamlaka ya ufundi stadi Tanzania, ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti. Kenya kuna majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Kijana aliyechomelea mageti miaka sita usimrudishe kwenye somo la kwanza. Mpeleke akapimwe.

Usiwaahidi ajira ya uwanjani, maana si wewe utakayewaajiri. Waambie kweli kwamba mechi zitakwisha ndani ya wiki chache, ila fundi bomba ataitwa hotelini, hospitalini na kwenye nyumba za watu miaka yote. Na usiwasahau wapishi na watandika vitanda: wageni watakula na watalala.

Jambo linaloniuma mpaka leo ni namba za simu. Tuliandika 23 usiku ule, tukazipigia baada ya wiki tatu. Wengi walikuwa wameshapoa, na wawili walishaondoka mjini. Wewe piga kesho yake asubuhi.