Kabla hamjanunua pacha wa kidijitali

Mkuu, umeuliza kama idara yenu inunue programu ya pacha wa kidijitali, yaani nakala ya mitaro kwenye kompyuta inayofuata hali halisi, kwa mitaro ya Ilazo, Dodoma. Msikimbilie huko. Bila vipima maji vinavyotuma taarifa mvua ikinyesha, mtabaki na picha tu, tena ya bei mbaya. Anzeni na QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure.

Kagueni koordineti, zile namba za kuonyesha mahali, kwanza. Ramani za zamani za upimaji ziko kwenye mfumo wa koordineti wa Arc 1960, GPS inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Mkizichanganya hivyo hivyo, mtaro unahama karibu mita 300, unaingia sebuleni kwa mtu! Kwenye UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda za ramani, Dodoma mjini ni kanda ya 36 Kusini, ila mkivuka longitudo 36 kuelekea mashariki mko ya 37.

Data za mwinuko za setilaiti, ambazo kila nukta yake ni mita 30, haziuoni mtaro wa upana wa mita moja. Tumeni vijana wapime kina cha kila kalavati (njia ya maji chini ya barabara), waandike na makalavati yaliyojaa mchanga.