Ngumi Haizungumzi Redioni: Ushauri kwa Mbabe wa Hoki Anayetaka Kushika Kipaza Sauti

Rob Ray alicheza mechi 900 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, karibu zote akiwa na timu ya Buffalo Sabres, akafunga mabao 41. Dakika zake za adhabu zilifika 3,207. Mechi ya hoki ya barafuni ina dakika 60, kwa hiyo hesabu hiyo ni sawa na mechi 53 na ushee za kukaa kizimbani, pale pa kutumikia adhabu kando ya barafu, huku wenzako wakicheza. Mtu huyohuyo baadaye akawa mchambuzi wa mechi za Sabres kwenye televisheni. Wengi hudhani alipewa kazi kwa ajili ya jina. Sawa, jina humfungulia mtu mlango, lakini halimpi cha kusema kwa saa mbili na nusu, usiku baada ya usiku, msimu wenye mechi zaidi ya 80. Cha kusema kinatoka kwenye yale masaa ya kutazama.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: mbabe ni mchezaji anayewekwa kikosini ili nyota wa timu asiguswe ovyo. Huwa safu ya nne, anaingia barafuni dakika chache, na akiingia kila mtu anajua kilichomleta. Wawili wakishakubaliana, glavu zinadondoshwa. Mkono mmoja unashika jezi ya mwenzako begani au kwenye mkono anaopigia, mwingine unafanya kazi. Ukikosa kushika jezi umekwisha, maana juu ya barafu huna pa kukita mguu. Ngumi yako mwenyewe inakuzungusha. Ray aliliona hilo, akawa anaacha jezi imvuke. Mpinzani anabaki na kitambaa mkononi, yeye anaendelea kupiga. Ligi ikajibu kwa kanuni: jezi ifungwe kwenye suruali kwa mkanda wake, na ambaye hakuifunga, ikamvuka katikati ya ugomvi, anatolewa mchezoni. Hadi leo watu wanaiita kanuni ya Rob Ray.

Tazama maelezo hayo yalivyokwenda: kilichofanyika, kwa nini kilifanyika, kilibadilisha nini. Huo ndio uchambuzi, na mbabe ana hazina kubwa ya mambo ya aina hiyo kuliko anavyojua. Tatizo ni kwamba hajayaandika popote.

Kwa hiyo anza ukiwa bado unalipwa kucheza. Daftari dogo mfukoni, si simu. Kila baada ya mechi andika mambo matano uliyoyaona kutoka benchi: beki gani anageuka vizuri upande mmoja tu, nani anachelewa kutoka baada ya sekunde 45 za zamu yake, kipa anashuka magotini mapema kiasi gani, kocha anabadilisha safu vipi timu ikiwa nyuma. Usiandike "walijituma". Andika jambo ambalo mtu anaweza kulihakiki kwa kurudisha video. Msimu mmoja wa namna hiyo unakupa mamia ya mifano, na ndiyo itakayokuokoa siku mechi imepooza na kipindi cha pili hakina hata nafasi moja ya bao.

Kitu cha pili ni kitabu cha kanuni. Wachezaji wengi wanazijua kanuni kwa mwili, kama dereva anavyojua gia, lakini ukiwauliza zinasemaje wanababaika. Mbabe anayeingia kwenye utangazaji hana udhuru wa kubabaika kwenye kanuni ya 46, ile ya mapigano. Kupigana ni dakika 5. Aliyeanzisha anaongezewa 2, na nyingine 10 za utovu wa nidhamu. Wa tatu kuingilia ugomvi wa wawili anatolewa. Tangu msimu wa 2013–14, anayevua helmeti yake mwenyewe kabla ya kupigana anaongezewa dakika 2. Watazamaji watakusamehe ukikosea jina la mchezaji mgeni. Hapa hawatakusamehe, kwa sababu hapa ndipo ulipodai kuwa fundi.

Sasa kipaza sauti chenyewe. Matangazo ya hoki yana watu wawili kwenye kibanda. Mtangazaji anafuata kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, kikiwa kinatembea. Mchambuzi anasema kipenga kikilia. Ukichanganya hizo kazi mbili umeharibu matangazo, na wachezaji wa zamani huzichanganya kila mara kwa sababu macho yao yanaona bao linakuja kabla halijaja, basi wanapayuka. Nyamaza. Mwache mtangazaji aseme bao, uwanja upige kelele, kisha marudio ya kwanza yakianza ndipo uingie.

Nafasi yako ni finyu kuliko unavyodhani. Baada ya kipenga timu ngeni ina sekunde 5 za kubadilisha wachezaji, wenyeji wana 8, kisha kisahani kinadondoshwa upya. Ukijumlisha na kusogea kwao, una kama sekunde 15 hadi 20. Sentensi mbili. Ukianza kwa "nadhani kile tunachokiona hapa ni kwamba", umeshatumia robo ya muda kusafisha koo. Anza na jina la mchezaji na kitendo: "Beki amemwacha mtu nyuma ya goli, tazama gongo lake linaelekea wapi." Ukiwa na jambo refu, liweke akiba. Kila kipindi kina mapumziko matatu ya matangazo ya biashara, dakika 2 kila moja. Huo ndio wakati wa kumwomba prodyuza akutafutie picha unayotaka, ili mkirudi hewani usimulie ukiwa na ushahidi.

Kuna na ile nafasi ya kusimama kati ya mabenchi mawili, ambayo televisheni nyingi hupenda kumpa mbabe wa zamani. Inamfaa, kwa sababu pale anasikia kocha anavyofoka na anaona nani anashika mbavu kwa siri. Lakini kisahani kigumu cha mpira kinapita hapo kwa kasi ya gari la barabara kuu, na hakuna kioo mbele yako. Macho barafuni hata unapozungumza na kamera. Pia, si kila unachosikia ni cha kusema. Ukitoa hewani mpango wa kocha wa kuanzisha mchezo, kesho asubuhi kwenye mazoezi hakuna atakayekusalimia, na mazoezi hayo ya asubuhi ndiyo soko lako la habari.

Kasoro zinazowaondoa wengi kazini hazihusu ufundi wa hoki. Matusi ya chumba cha kubadilishia nguo yanatoka mdomoni mtu akidhani kipaza sauti kimezimwa. Kichukulie kimewashwa tangu unapokivaa hadi unapokivua. Kuwalinda marafiki ni kasoro nyingine: mchezaji amecheza vibaya, kila mtu kaona, wewe unasema ana bahati mbaya. Na ya tatu, ambayo ni ugonjwa wa wababe, ni kuona kila tatizo la timu linahitaji mtu wa kupigana. Msimu wa 2008–09 NHL ilikuwa na mapigano zaidi ya 700. Misimu kumi baadaye hayakufika 250. Mtazamaji wa sasa anaweza kumaliza wiki nzima bila kuona hata moja. Mchambuzi anayejua ngumi tu ni kama fundi wa kaseti.

Njia za wababe kufika huko zinatofautiana, na inafaa kuzilinganisha. Nick Kypreos alipoteza fahamu barafuni Septemba 1997 baada ya kupigwa kwenye mechi ya maandalizi, hakucheza tena NHL, na mwaka uliofuata alikuwa kwenye televisheni ya Sportsnet ya Kanada, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanzishwa. Stu Grimson, mechi 729, alikwenda kusomea sheria Chuo Kikuu cha Memphis, akafanya kazi na chama cha wachezaji, na pia akachambua mechi za Nashville Predators. Paul Bissonnette alicheza mechi 202 na kufunga mabao 7, takwimu ambazo hazimfanyi mtu nyota popote. Alijijenga mtandaoni kwa ucheshi wa kujicheka mwenyewe, akaingia kwenye podikasti, na mwaka 2021 televisheni ya TNT ya Marekani ilipopata haki za NHL akawa mezani kwao. Kwa maoni yangu njia ya Grimson ndiyo salama kuliko zote, ingawa ndiyo isiyovutia: utangazaji ukikatika, cheti kipo. Mikataba ya televisheni za mikoani si ya kutegemea peke yake. Machi 2023 kampuni ya Diamond Sports Group, iliyorusha mechi za timu kadhaa za NHL, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Sasa kichwa, na hapa tusiharakishe. Ngumi za miaka kumi haziishi siku ya kustaafu. Mwaka 2011, kati ya Mei na Agosti, walifariki wachezaji watatu waliojulikana kwa kazi hii: Derek Boogaard, Rick Rypien na Wade Belak. Belak alikuwa amestaafu mwaka huohuo na alikuwa ajiunge na kikosi cha utangazaji cha Nashville. Kupata kazi mpya si dawa. Kabla ya kusaini chochote, pimwa na daktari wa neva asiyelipwa na timu, na mweleze ukweli kuhusu usingizi, hasira na dawa za maumivu unazotumia. NHL na chama cha wachezaji wana mpango wa pamoja wa msaada tangu 1996, na unashughulikia pia uraibu na afya ya akili. Kuna jambo dogo ambalo watu hulisahau: aliyewahi kupata mtikisiko wa ubongo mara nyingi huumizwa na mwanga mkali na kelele, na kazi ya televisheni ni taa usoni na hedifoni masikioni. Jaribu kwanza redio. Taa hazipo, sauti unaipunguza mwenyewe, na redio itakulazimisha kueleza kila kitu kwa maneno. Hilo litakusaidia hata ukihamia kwenye picha.

Kwa Waswahili jambo hili si la mbali kama linavyoonekana. Nairobi ina uwanja wa barafu kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na timu ya Ice Lions. Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu mwaka 2024. Wapo pia watoto wa Kiswahili wanaokua Kanada na Marekani wakivaa viatu vya kutelezea. Mechi hizo zitahitaji watangazaji wa Kiswahili, na msamiati wenyewe bado mbichi: kisahani au paki? Kizimba au boksi? Atakayeanza kutangaza ndiye atakayechagua.

Zoezi la kuanzia halina gharama. Chukua video ya mechi, zima sauti, rekodi uchambuzi wako wa kipindi kimoja, dakika 20 za mchezo. Sema baada ya kipenga tu. Sikiliza kesho yake, si usiku uleule. Hesabu mara ngapi umesema "kwa kweli" na "bila shaka", hesabu mara ngapi umeeleza kwa nini. Rudia mechi ileile mpaka hesabu ya pili iizidi ya kwanza, ndipo ubadilishe mechi.