Wasomaji Wanauliza: Mark Hughes, mkali uwanjani, kwenye benchi je?

SWALI: Kaka mchambuzi, wazee wa Man U kila siku Mark Hughes, Mark Hughes, mi nimemjua akiwa kocha wa Stoke tu. Alikuwa straika mkali kweli au ni stori za wazee?

JIBU: Sio stori mdogo wangu. Jamaa ametokea Ruabon, kijiji cha karibu na Wrexham huko Wales, kazaliwa 1963, na ukiangalia idadi ya mabao peke yake unaweza ukamdharau, maana hakuwa mtu wa mabao 30 kila msimu (hata Wales alifunga 16 tu kwenye mechi 72). Ukali wake ulikuwa kumpa beki mgongo, beki anasukuma weee hang'oki, halafu anageuka na kuachia volei, na mechi zikiwa kubwa ndo anazidi. Fainali ya FA 1990 United walikuwa nyuma 3-2 mbele ya Crystal Palace, muda wa nyongeza unayoyoma, akasawazisha yeye, ikaisha 3-3 na kwenye marudio wakabeba, ndo kombe la kwanza la kocha Alex Ferguson pale. Mwaka uliofuata, fainali ya Kombe la Washindi kule Rotterdam, wamekutana na Barcelona, timu aliyowahi kuichezea ikamuona hafai! Akapiga mbili, United 2-1, na lile la pili alimzunguka kipa Carles Busquets (ndiyo, baba yake Sergio Busquets, yule kiungo wa zamani wa Barcelona) akafunga kutoka pembeni ambako wengi wangetoa pasi tu.

SWALI: Eti aliwahi kucheza mechi mbili siku moja, timu mbili tofauti?

JIBU: Kweli kabisa. Novemba 1987, yuko Bayern kwa mkopo kutoka Barcelona, mchana kaichezea Wales dhidi ya Chekoslovakia mjini Prague, akapandishwa ndege, usiku akaingia kama sabu kwenye mechi ya kombe la Ujerumani dhidi ya Mönchengladbach.

SWALI: Sasa mbona kama kocha hajabeba kombe lolote kubwa? Ukocha ulimshinda?

JIBU: Hapa watu wanamuonea kidogo. Wales alipewa 1999 akiwa bado anakipiga klabuni, timu imechoka, na Oktoba 2002 akaifunga Italia 2-1 pale Cardiff. Euro 2004 wakaikosa kwa bao moja tu, mtoano na Urusi, ugenini 0-0 halafu nyumbani wakalala 1-0. Kwangu mimi hiyo ndo kazi yake bora, ikifuatiwa na Blackburn aliyoifikisha nafasi ya 6 msimu wa 2005/06 bila hela za maana.

Halafu Manchester City. Kaenda 2008, miezi michache tu matajiri wa Abu Dhabi wakanunua klabu, na tajiri mpya mara nyingi anataka kocha wake mwenyewe, we jaza mwenyewe hapo. Desemba 2009 kawafunga Sunderland 4-3, kwenye ligi msimu huo kapoteza mechi mbili tu, jioni ileile kafungashiwa virago na kocha Roberto Mancini kachukua kiti. Sare zilikuwa nyingi mno sikatai, lakini ile haikuwa haki.

QPR, klabu ya London, ndo sina utetezi, mechi 12 za ligi msimu wa 2012/13 hakuna ushindi hata mmoja, wakamtimua. Stoke akatulia, misimu mitatu mfululizo nafasi ya 9, ambayo kwa Stoke sio haba hata kama mashabiki waliichoka baadaye. Tangu hapo ni kushuka tu: Southampton hakumaliza hata mwaka, akaja Bradford kwenye daraja la nne, na Februari 2025 akapewa Carlisle iliyokuwa inazama, wakashuka hata hivyo, na yeye akabaki nao kule chini.