Kushuka na kupanda: ukienda likizo kutokea Dar, jihadhari hapa

Ukimsikiliza mtu anayejiandaa kwenda likizo, hofu yake kubwa ni chombo: basi litakwenda mwendo gani, bahari itakuwaje. Hofu hiyo ina msingi, na tutaifikia. Lakini msafiri hunaswa zaidi katika zile dakika chache za kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Ameshuka basi, mikono imejaa mizigo, mtoto analia, simu anayo anatafuta usafiri, na watu wanne wanamwita "bosi" kwa mpigo. Dakika hizo ndizo za kupangwa mapema.

Anza na Kituo cha Magufuli pale Mbezi. Kata tiketi kabla ya siku ya safari, mtandaoni au ofisini kwa kampuni yenyewe, na uhakikishe ina jina lako, namba ya kiti na namba ya basi. Mwenye tiketi mkononi hana la kuzungumza na mpiga debe, na begi lake halibebwi na mtu asiyemjua. Begi linaloingia buti lipewe kipande cha mzigo. Kipande hicho kaa nacho wewe, kisibaki na utingo. Njiani basi likisimama watu wale au wachimbe dawa, shuka na mkoba wenye pesa na vitambulisho hata kama jirani wa kiti amekuwa mwema tangu Kibaha. Na biskuti au juisi ya jirani huyo, ipokee kwa shukrani uiweke. Dawa za usingizi huwekwa kwenye vitu kama hivyo, na aliyelishwa huamka mwisho wa safari hana kitu.

Mkanda ufunge hata kama basi zima wanakutazama. Basi la abiria halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi ya watu. Simu yenye ramani itakuonyesha mwendo halisi, kwa hiyo ukilalamika kwa kondakta mtajie namba. Neno "unakimbiza" peke yake hupuuzwa.

Ukirudi Dar usiku, ita gari la programu ya simu ukiwa bado ndani ya jengo la kituo. Likifika soma namba ya gari yote. Usimuulize dereva, "Wewe ndiye fulani?" Yeyote atajibu ndiyo. Muulize, "Umekuja kumchukua nani?" Gari likiwa na mtu mwingine ndani, au likisimama njiani kumpakia "rafiki", usipande, na kama umeshapanda shuka hapo hapo penye watu. Ndivyo wanavyofanya wezi wanaomzungusha abiria kutoka ATM moja hadi nyingine wakimlazimisha atoe pesa. Kinga yake hujengwa nyumbani: benki ikuwekee kiwango kidogo cha kutoa kwa siku, kadi ya pili ibaki kabatini, na kwenye simu ubakize pesa za siku mbili tu.

Kuhusu simu tunasisitiza jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: laini yenyewe iwe na namba ya siri. Simu ikiibiwa, mwizi hana haja ya kufungua kioo. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine, na ujumbe wote wa kubadilishia nywila unaanza kumfikia yeye. Laini yenye namba ya siri inamgomea. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, ufunge laini. Ila kwanza tafuta ile kadi ya plastiki iliyokuja na laini, kwa sababu ukikosea namba mara 3 utahitaji namba ya kufungulia iliyoandikwa pale. Kisha bonyeza *#06#, nakili kwenye karatasi tarakimu 15 zitakazotokea, ndiyo namba ya utambulisho wa simu (IMEI), uiache nyumbani, polisi watazihitaji. Simu ikiondoka, azima simu yenye mtandao kama wako na upige 100 laini ifungwe, kabla hata ya kwenda kituo cha polisi.

Ukitembea kando ya bahari kule ufukwe wa Coco, begi likae upande wa ukuta, nawe utembee ukiyatazama magari yanayokuja. Wanyakuaji huja na bodaboda au gari kutoka nyuma. Mkanda wa begi uliopitishwa kifuani unaonekana salama, lakini pikipiki ikivuta unaburutwa nao. Tundika bega moja, na likivutwa liachie. Tunajua inauma. Mbavu zilizovunjika zinauma zaidi.

Sasa bahari. Boti ya Zanzibar huondoka na watu wenye haraka, hivyo fika bandarini saa nzima kabla, tiketi ikiwa ya dirishani au ya mtandaoni wala si ya dalali wa getini, na kitambulisho mkononi. Ukishakaa, tafuta kwa macho jaketi okozi liko wapi na mlango wa sitaha uko upande gani. Jaketi hilo usibaki nalo ndani ya chumba kinachoingia maji, maana litakubandika darini. Livae, funga mikanda yote, toka nje. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikiwa imejaza kupita kiasi. MV Skagit ilizama Julai 2012 karibu na Chumbe ikitokea Dar, na Julai ni mwezi wa upepo mkali wa kusi. Chombo kikionekana kimejaa, baki gatini. Kwa vile vya kwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo hesabu mwenyewe: watu wangapi, majaketi mangapi, na yapo ya watoto? Panga kurudi kabla ya saa kumi jioni, upepo haujachafua bahari.

Ufukweni, jifunze bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa na kupwa sana, ndiyo bamvua; maji mafu ni siku za katikati, tofauti ikiwa ndogo. Pwani yetu, siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Wageni hutembea hadi kwenye mwamba maji yakiwa yamekupwa, wakaokota kombe, wakapiga picha. Maji yakianza kujaa hayawafuati kwa mbele. Hupita kwenye mikondo na kujaza bonde lililoko nyuma yao, kati ya mwamba na ufukwe, wao wakiwa bado wamesimama pakavu. Muulize mvuvi saa ya maji kuanza kujaa, na uwe umegeuka kabla ya saa hiyo.

Mahali ambapo mawimbi hayatoi povu, katikati ya mawimbi yenye povu, panaonekana patulivu, na watu huchagua kuogelea hapo hapo. Mara nyingi ndipo maji yanaporudi baharini kwa nguvu. Yakikuvuta usipigane nayo kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka nguvu iishe, ndipo urudi. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa kinashindana na maji. Mtoto awe umbali wa mkono wako. Ukimwona mtu anazama, mrushie dumu tupu la lita 5 lililofungwa kifuniko. Ukimrukia bila kitu cha kuelea, atakukumbatia mzame wote.

Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini kumtoa maji. Huko ni kupoteza muda. Mlaze chali, mmoja apige 112, nawe uinue kidevu chake, umpulizie pumzi 5, kisha ukandamize kifua mara 30 na pumzi 2, ukirudia. Hata akizinduka akasema yuko sawa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumbana pumzi saa kadhaa baadaye.