Kuweka OpenFOAM kwenye Windows, Mac na Ubuntu: ni lazima kukompili?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi ujenzi hapa Mwanza, niko mwaka wa mwisho. Kwenye mradi wangu nataka kuiga maji yanavyozunguka nguzo za daraja la Kigongo–Busisi kwa kutumia OpenFOAM. Laptopu yangu ni ya Windows 11, RAM GB 8. Mwenzangu ana MacBook ya M1, na maabara kuna kompyuta za Ubuntu ambazo hazina UPS. Nilijaribu kuikompili kwenye laptopu usiku kucha, ikaishia na neno "Killed". Halafu video moja inasema niandike interFoam, nyingine inasema foamRun. Nishike ipi? Na je, kukompili ni lazima?
*Msomaji, Nyegezi*

JIBU: Marahaba. Kukompili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeka, si lazima. Kwa kazi uliyoieleza, huna mstari hata mmoja wa msimbo wa OpenFOAM unaohitaji kuubadilisha. Utakachobadilisha ni faili za mradi wako: umbo la nguzo, kasi ya maji, meshi (eneo la maji lililogawanywa kuwa seli ndogondogo), muda wa simulesheni. Hizo ni faili za maandishi tu, na kila ukizigusa hukompili chochote. Wanafunzi wengi wanapoteza wiki nzima hapa kwa sababu maelekezo ya kwanza waliyoyakuta mtandaoni yaliandikiwa watu wanaotengeneza solva zao wenyewe, yaani programu zinazokokotoa mtiririko.

Kabla ya kugusa kompyuta yoyote, tuanze na hilo la interFoam na foamRun, maana ndilo litakalokusumbua hata baada ya programu kukaa vizuri. OpenFOAM ni programu huria tangu Desemba 2004, ila leo kuna matawi mawili yanayotumia jina hilohilo. Moja linatolewa na kampuni ya OpenCFD, iliyonunuliwa na ESI mwaka 2012, nalo matoleo yake huitwa kwa mwaka na mwezi: v2406 ni ya Juni 2024, v2412 ni ya Desemba 2024. Jingine ni la OpenFOAM Foundation, na lenyewe huhesabu kwa namba za kawaida: 10, 11, 12. Kuanzia toleo la 11, Foundation waliacha mtindo wa kuwa na programu moja kwa kila solva, wakaleta foamRun inayopewa jina la moduli:

`foamRun -solver incompressibleVoF`

Kwenye tawi la ESI kazi hiyohiyo bado inaitwa interFoam. Kwa hiyo video zote mbili ni za kweli, ila kila moja inazungumzia tawi lake. Tazama msimamizi wako na mafunzo mliyonayo wanatumia lipi, mshike hilohilo, wewe na mwenzako na maabara. Kama hakuna aliyechagua, mimi ningechukua la ESI kwa mradi wa shule, kwa kuwa maelezo mengi ya zamani yanayozunguka mtandaoni yanatumia majina ya solva ambayo tawi hilo bado linayo. Mifano yangu hapa chini ni ya v2412. Na tafadhali usiweke matawi yote mawili kisha ukayaita yote ndani ya `.bashrc` (faili inayosomwa kila terminali inapofunguka), yatavurugana njia za faili na utapata makosa yasiyoeleweka.

Laptopu yako ya Windows. Fungua PowerShell kama msimamizi (Run as administrator), andika:

`wsl --install`

Hiyo inakuletea Ubuntu ndani ya Windows, kupitia mfumo uitwao WSL. Ikigoma na namba 0x80370102, maana yake uwezo wa kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine (virtualization) umezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta. Washa upya, ingia BIOS, uuwashe. Baada ya hapo, ndani ya Ubuntu:

`curl -s https://dl.openfoam.com/add-debian-repo.sh | sudo bash`
`sudo apt-get install openfoam2412-default`

Kisha ongeza mstari huu mwishoni mwa `~/.bashrc`, ufunge terminali na kuifungua tena:

`source /usr/lib/openfoam/openfoam2412/etc/bashrc`

Ukiruka mstari huo utaambiwa "command not found" kwa kila amri, na utadhani programu haikuingia. Imeingia, ila terminali haijui ilipo.

Sasa lile neno "Killed". WSL kwa kawaida hujichukulia nusu ya RAM ya kompyuta, kwa hiyo Ubuntu yako ilikuwa na GB 4 tu. Msimbo wa OpenFOAM ni C++ yenye templeti nyingi mno, na kuna faili ambazo kompaila ikizishika inakula karibu GB 1 au zaidi kwa kila moja. Ukiandika `./Allwmake -j` bila namba, inaanzisha kazi nyingi kwa pamoja kulingana na prosesa zako. RAM ikaisha, kerneli (kiini cha mfumo) ikaamua kuiua kompaila ili mfumo usizime. Wala msimbo haukuwa na kosa. Hata kama hukompili, ongeza mgao huo, kwa sababu meshi nayo inakula RAM. Mimi hukadiria GB 1 mpaka 2 kwa kila seli milioni moja. Tengeneza faili iitwayo `.wslconfig` ndani ya folda yako ya mtumiaji kule Windows, uandike:

`[wsl2]`
`memory=6GB`
`swap=8GB`

Halafu `wsl --shutdown` kwenye PowerShell, ufungue Ubuntu upya.

Jambo jingine la Windows ambalo watu hulipuuza: weka kazi zako ndani ya Ubuntu yenyewe, yaani chini ya `/home`, siyo `/mnt/c`. Kusoma na kuandika faili kupitia `/mnt/c` ni taratibu mno, na OpenFOAM huandika vijifaili vingi kila inapohifadhi matokeo. Ukitaka kuyaona matokeo, weka ParaView ya Windows, tengeneza faili tupu ndani ya folda ya mradi kwa `touch kesi.foam`, kisha uifungue kupitia `\\wsl$\Ubuntu\home`. Na folda uipe jina lisilo na nafasi. "Daraja la Busisi" litakuletea balaa. `Daraja_busisi` halina shida.

Maabara ya Ubuntu. Hapa ndipo pepesi kuliko kote: amri ni zilezile mbili za juu, ila zinahitaji ruhusa ya sudo (ya mwenye mamlaka juu ya kompyuta), kwa hiyo mwone fundi wa maabara. Kama hamtaki kila kompyuta imalize bando peke yake, pakueni mara moja:

`sudo apt-get install --download-only openfoam2412-default`

Vifurushi vitakaa `/var/cache/apt/archives`. Vinakili kwenye flashi, peleka kompyuta nyingine yenye toleo lilelile la Ubuntu, na huko uandike `sudo apt-get install ./*.deb` ukiwa ndani ya folda hiyo. Angalia nimeandika apt-get: amri fupi ya `apt` ina tabia ya kufuta vifurushi ikishaviweka.

Kuhusu umeme, maabara isiyo na UPS si mahali pa kuacha simulesheni ya saa kumi bila tahadhari. Ndani ya `system/controlDict` weka `startFrom latestTime;` na upunguze `writeInterval` ili matokeo yahifadhiwe mara kwa mara. Umeme ukikatika na kurudi, unaita solva tena na inaendelea pale ilipohifadhi mwisho. Folda ya muda wa mwisho ikiwa imeandikwa nusu, ifute uanzie iliyotangulia. Kama kompyuta mnaiingia kwa mbali kwa ssh, endesheni ndani ya tmux, ili mtandao ukikatika kazi isife nao.

MacBook ya mwenzako. Hapa kuna mtego ambao hautajwi mara nyingi. Diski ya Mac, ikiachwa ilivyotoka dukani, haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili. OpenFOAM ina `Vector.H` na `vector.H`, ina `Tensor.H` na `tensor.H`, na hizo ni faili tofauti kabisa. Wakati wa kukompili zote hukusanywa kwenye folda moja iitwayo `lnInclude`. Kwenye diski ya namna hiyo moja inamfunika mwenzake, na kompaila inaanza kulalamika kuhusu vitu ambavyo unaviona kwa macho yako kwamba vipo. Dawa ni kutengeneza diski ya picha inayotofautisha herufi:

`hdiutil create -size 20g -type SPARSEBUNDLE -fs 'Case-sensitive APFS' -volname OpenFOAM OpenFOAM`

Lakini kwa mradi wa mwaka wa mwisho simshauri aanze safari hiyo. Wako wanaojitolea waliokwisha kuikompili OpenFOAM kwa prosesa za Apple, wakaifungasha iwekwe kwa Homebrew (kisakinishi cha programu cha Mac), diski ya picha ikiwa imo humohumo. Atumie hiyo, ahakikishe tu ni toleo mlilokubaliana.

Kama siku moja utalazimika kukompili. Sababu za kweli ni chache: unaandika solva au sharti la mpaka lako mwenyewe na unataka kugusa maktaba za msingi, unahitaji toleo la kutafutia makosa, au upo kwenye seva ambayo hupewi sudo. Kwa kuongeza solva yako tu huhitaji kukompili mfumo wote; unakompili folda yako kwa `wmake` dhidi ya kifurushi kilichopo.

Ukifika huko, pakua faili mbili za tgz (zilizofinywa), OpenFOAM na ThirdParty za toleo moja, uzifungue zikiwa jirani. Zifungue ndani ya Linux kwa `tar -xzf`. Ukizifungulia Windows halafu ukazihamisha, unapoteza viungo vya faili na ruhusa za kuendesha. Kwa sababu hiyohiyo usikompili juu ya flashi au diski ya nje ya exFAT: ile `lnInclude` niliyoitaja imejaa viungo vya faili, na exFAT haivijui. Flashi ibebe tgz ikiwa nzima, basi. Acha angalau GB 15 wazi kwenye diski, kisha:

`sudo apt-get install build-essential flex cmake zlib1g-dev libopenmpi-dev openmpi-bin libfftw3-dev libscotch-dev libptscotch-dev libboost-system-dev libboost-thread-dev libcgal-dev`
`source OpenFOAM-v2412/etc/bashrc`
`cd OpenFOAM-v2412`
`foamSystemCheck`
`./Allwmake -j 2 -s -l`

Hiyo `-j 2` ndiyo inayofaa GB 8 zako. Itachukua saa kadhaa, kubali. Herufi `-l` inaandika kila kitu kwenye faili ya logi. Umeme ukikatika katikati, usifute chochote na usianze upya: ita `Allwmake` ileile, nayo itaruka vilivyokwisha na kuendelea na vilivyobaki. Isipokuwa ikilalamikia faili ya `.o` fulani, huenda iliandikwa nusu umeme ulipokatika. Ifute hiyo moja tu, uendelee.

Kujaribu kama imekaa. Kwa njia yoyote uliyopita, andika haya:

`foamInstallationTest`
`mkdir -p $FOAM_RUN`
`cp -r $FOAM_TUTORIALS/incompressible/simpleFoam/pitzDaily $FOAM_RUN`
`cd $FOAM_RUN/pitzDaily`
`blockMesh`
`simpleFoam`

Mfano huo una seli 12,225 na laptopu yako itaumaliza haraka. Ukiona namba za mabaki (residuals, kosa linalobaki katika kila duru ya hesabu) zinashuka mpaka ikaandika kwamba imefikia jibu, umemaliza usakinishaji. Ukitaka prosesa nne zifanye kazi pamoja, nakili `decomposeParDict` kutoka mfano mwingine na uweke 4 ndani yake, endesha `decomposePar` kuigawa meshi, halafu `mpirun -np 4 simpleFoam -parallel`. Open MPI, inayoziunganisha prosesa hizo, ikikuambia hakuna nafasi za kutosha, umeomba zaidi ya kori halisi ulizonazo, punguza, usiilazimishe.

Kuhusu mradi wenyewe, neno moja. Usianze na daraja zima la kilomita 3 lenye uso wa maji na mawimbi. Chukua nguzo moja, kata bapa ya vipimo viwili (2D), maji peke yake bila hewa, uone mikondo inavyojisokota nyuma ya nguzo, ulinganishe na vitabu vyako vya haidroliki. Msimamizi atakuuliza kuhusu meshi kabla ya kukuuliza kuhusu Ghuba ya Mwanza. interFoam, inayoshughulikia maji na hewa pamoja, iingie baadaye, kama kweli urefu wa maji kwenye nguzo ndio swali lako.

Ukikwama, usinitumie picha ya mwisho wa terminali. Makosa ya C++ huzaa makosa mengine mamia chini yake, na ya mwisho hayana maana. Tafuta la kwanza kwenye faili ya logi kwa `grep -n -m 3 "error" log.*`, unitumie hilo pamoja na mistari kama kumi ya juu yake, na jibu la `uname -a`.