Unaenda kwa wateja wa ranchi huko Australia? Geti kwanza

Kuna mdogo wangu kutoka Singida kapata kazi ya kuzungukia wateja huku Northern Territory, kaniuliza ajiandae vipi, na haya ninayomwambia yanamhusu yeyote anayekuja kwa kazi kama yetu. Mi niko Katherine, kama kilomita 320 kusini ya Darwin, nafunga pampu za sola kwenye visima vya ranchi za ng'ombe, wenyewe wanaziita stesheni. Usifikirie ranchi ya Kongwa. Brunette Downs ina zaidi ya kilomita za mraba 12,000, yaani Gambia nzima inaingia mle na nafasi inabaki. Ukishavuka geti la barabarani unaweza ukaendesha saa zima hujaiona nyumba.

Simu ya kawaida isahau, ukitoka mjini kidogo tu mtandao umekata. Beba simu ya setilaiti, mwambie mteja unapita njia ipi na utafika saa ngapi, na ukifika mpigie wa ofisini kwako ajue umefika. Maji lita kumi kwa mtu kwa siku, tairi za akiba mbili sio moja, na gari likikufia kaa hapo hapo kwenye gari, usianze kutembea, gari linaonekana kutoka angani ila mtu hapana.

Redio ya mawasiliano ya kwenye gari (UHF) weka chaneli 40, ndo wanayoongelea madereva wa malori. Kuna malori yanavuta matrela matatu manne, urefu hadi mita 53.5, sa ukikutana nalo kwenye vumbi toka barabarani kabisa usimame, subiri vumbi litulie ndo uondoke, maana nyuma yake huoni hata boneti yako. Usiku usiendeshe. Sehemu nyingi hazina uzio na ng'ombe wanakuja kulala kwenye lami.

Ukipita Kalkarindji ujue uko kwa Wagurindji, wenyeji wa asili wa huko, wale waliogoma ranchi ya Wave Hill mwaka 1966 wakiongozwa na Vincent Lingiari. Nenda kwa heshima.

Masika yao, Novemba mpaka Aprili, njia nyingi za udongo zinafungwa, na kiangazi wako bize wanakusanya ng'ombe kwa helikopta, meneja katoka kabla hakujapambazuka. Uliza kwanza. Mi napenda kufika saa nne asubuhi, na wao wana chai yao muda huo huo, hapo ndo mtu anakusikiliza.

Afu mageti. Hili ndo nataka ulishike kuliko yote: ukikuta geti limefungwa, ukishapita lifunge, ukikuta liko wazi liache wazi. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa kumi, joto limepita nyuzi 40, nikakuta geti liko wazi, limefungwa na waya kwenye nguzo lisijirudie. Nikaona kuna mtu kasahau, nikaufungua ule waya, nikalirudisha, nikakaza mnyororo, nikaenda zangu. Kumbe meneja kaliacha makusudi, birika la kunyweshea ng'ombe liko upande huu na ng'ombe wote upande ule. Kesho yake akanichukua twende. Tuliwakuta wamejazana getini, wale Brahman wenye nundu kama wa kwetu kabisa, macho yameingia ndani, wanalia ile sauti kavu, na ndama mmoja kalala hainuki. Hakunitukana. Alifungua geti akasogea pembeni wapite, na mi nikabeba maji kwenye ndoo nikampelekea yule ndama mpaka akasimama.

Wiki iliyofuata nilirudi, kilomita 280 kwenda tu, sina pampu ya kufunga wala nini, kumwomba radhi ana kwa ana. Kabla sijatoka nilimpigia mkewe nikamuuliza niwaletee nini kutoka mjini, akasema mikate, nyanya na dawa ya mbwa. Tangu hapo kila safari napiga simu hiyo kwa kila mteja, maana duka kwao ni safari ya siku nzima.

Yule meneja mpaka leo ni mteja wangu. Akijua napita upande wake ananipigia mwenyewe: ukifika birika la tatu niangalizie maji yamefika wapi.